Ng'ombe wa Ziba Asiye na Sheria

Jumatatu, 19 Agosti

Bucha langu limefungwa! Mimi Mustafa, niliyekula nyama Kigoma, Bujumbura na Lubumbashi, leo nimefungiwa bucha hapa hapa Mtendeni, watoto wa madrasa wakitazama. Kosa langu ni gogo. Gogo la mninga, limekatiwa nyama tangu enzi za marehemu baba, katikati limebonyea kama kitanda cha mgonjwa.

Aliyelifunga ni Julieth, mkaguzi wa nyama wa Manispaa ya Tabora. Binti mfupi, mabuti meupe ya mpira, uso wa Jumatatu wiki nzima. Alisema gogo linanyonya damu na damu inaozea humo ndani. Sheria ya nchi inataka mashine ya kukatia, marumaru ukutani, kioo, na wavu wa kuzuia nzi. Nikamwambia nzi wangu ni wenyeji, wamezaliwa humu humu, niwafukuze waende wapi? Hakucheka. Mtu wa serikali asiyecheka ni wa kumwogopa.

Aliyecheka ni Majidi, wa bucha la mkabala. Majidi ana mashine. Inalia kutwa, ngwiii, ngwiii, mtaa mzima ujue. Aliniuliza kwa sauti ya juu kama gogo nitalipeleka makumbusho au nitapikia maharage. Nikamjibu kwamba huko Lubumbashi mabucha makubwa yote yanatumia magogo. Akasema basi nihamie Lubumbashi.

Mke wangu Mwanajuma ameniambia jambo moja tu: ninunue mashine, yaishe. Sawa. Lakini mashine hununuliwa kwa nyama, na nyama huuzwa kwenye bucha, na bucha limefungwa kwa sababu ya mashine. Nani alitunga sheria hii? Alikuwa ameshiba?

Nitapata njia. Kichwa hiki hakikumaliza darasa la saba bure. Kiliona mapema kwamba kimeshajua.

Jumanne, 20 Agosti

Njia imejileta yenyewe!

Asubuhi kapiga simu Limbu wa Ziba, kule Igunga. Limbu ni mfugaji, ni Msukuma, na ni ndugu yangu kuliko ndugu zangu. Zamani nilipokuwa utingo wa lori, tulisombwa na maji korongoni. Dereva aliogelea zake. Limbu, mtu nisiyemjua, aliingia akanitoa kwa kunishika masikio. Mpaka leo sikio la kushoto limekaa upande. Tangu siku ile, nikisema twende, Limbu huuliza lini, haulizi wapi.

Leo hakuwa na mzaha. Alisema mwangaluka, ile salamu yao ya asubuhi, kama mtu aliyepo msibani. Ng'ombe wake wawili wamekufa ghafla, na wa tatu, dume kubwa, amelala tangu alfajiri na anatoka damu puani. Afisa mifugo wa kata alishawaambia mkutanoni: mnyama akifa ghafla asipasuliwe, ofisi ijulishwe, afukiwe shimo refu na chokaa. Limbu anataka kwenda kuripoti.

Nikamwambia asithubutu! Akiripoti watatangaza karantini, na karantini ikishatangazwa hatauza hata mkia. Atabaki anawatazama ng'ombe wake wanakonda, nao wanamtazama yeye. Nikamwambia asubiri, nakuja kesho, dume lile tutaligeuza nyama na nyama itageuka mashine. Gawio lake atapata.

 Kisha akauliza kama kweli haina shida. Nikasema, Limbu, mimi nimewahi kukudanganya? Akasema hapana. Ni kweli, sijawahi.

Upande wa sheria nimeuchambua mwenyewe, kitandani, miguu juu. Igunga wana sheria ndogo zao. Nzega wana zao. Uyui zao. Manispaa ya Tabora zao. Sheria ya nchi ipo Dodoma. Sasa, ng'ombe anayefia Igunga, akapita Nzega na Uyui bila kushuka garini, ni wa nani? Si wa yeyote! Yupo hewani kama ndege. Ng'ombe asiye na sheria! Nimemweleza Mwanajuma. Ameniuliza kama nina homa.

Majidi kaniazima kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo. Nimemwambia nafuata michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kasema nisikipakie kupita kiasi. Mtu mzuri, akiwa hajui.

Jumatano, 21 Agosti

Ziba. Vumbi tupu, majani yameisha, ng'ombe wanang'wafua udongo.

Nimefika saa nne. Dume lilikuwa halijafa sana. Nasema hivyo kwa usahihi. Jicho moja lilikuwa wazi. Nikapiga bismillahi, nikachinja haraka. Damu ikatoka taratibu, nyeusi, kama oili ya gari lisilofanyiwa huduma. Na haikuganda. Ikabaki inatiririka tu mavumbini, nzi wenyewe wanaiangalia. Nimechinja ng'ombe miaka mingi, sijaona damu ya namna ile. Nikasema ni joto.

Limbu ndiye aliyechuna. Mimi nilivaa shati jeupe, nikasimamia. Alikuwa na mchubuko mkononi, mwiba wa boma ulimkwaruza jana. Alichuna mikono mitupu, akiimba kidogo, maana kwao mchunaji hupewa ini na huchomwa papo hapo. Akalichoma juu juu, likiwa bado linavuja, akanikatia kipande kikubwa kuliko chake.

Nikasema nimefunga.

Sikuwa nimefunga. Lakini dume lile mimi na jicho lake tunajua lilikuwa limefika wapi kabla ya kisu. Kibudu kukila ni haramu, hilo nalijua tangu madrasa. Kukiuza, kwa kweli siku ya somo hilo sikwenda.

Mkewe Recheli hakula, na watoto aliwafukuzia kwa bibi yao. Aliniita kando. Akasema: shemeji, wewe ni mtu wa mjini, umesafiri, mwambie mwenzio aache hiyo nyama, wewe anakusikiliza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mji mzima wanakula vitu vibaya kuliko hivi na wananenepa.  Kisha akauchukua mgawo wake wa nyama, akaenda kuufukia nyuma ya nyumba, tena akautupia majivu. Wanawake wa Kimoraviani wana misimamo.

Sasa kazi ya ufundi. Nyama iliyokaguliwa machinjioni hupigwa muhuri wa zambarau. Muhuri nilishauchonga jana kwenye soli ya kandambili ya Mwanajuma. Wino ni ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda vya mdomo. Nikapiga paja, nikapenda. Nikapiga bega. Nikapiga mbavu zote. Mwisho nyama nzima ilikuwa kama barua iliyokwenda ng'ambo ikarudishwa. Limbu akapiga makofi, akasema serikali yenyewe haina muhuri mzuri hivi.

Tumepakia, tukafunika kwa magunia ya michembe. Nalala hapa, natoka asubuhi.

Ijumaa, 23 Agosti

Jana sikuandika. Huko nilikokuwa hakuna kalamu, na mkanda wa suruali walinivua pia.

Mimi na nyama yangu tulikwenda vizuri hadi Nzega. Tukapita Uyui, ndege wangu hewani, hakuna aliyeuliza. Karibu na mjini, kizuizi! Polisi wawili na mabuti meupe ya mpira. Julieth! Bara zima hili, kutoka ziwa hadi ziwa, nikutane na mtu mmoja mara mbili!

Akauliza nimebeba nini. Michembe. Akauliza tangu lini michembe inachuruzika damu. Nikashuka, nikasimama wima, nikamweleza ile hoja ya ng'ombe asiye na sheria, wilaya kwa wilaya. Polisi mmoja alitikisa kichwa kwa kuelewa, nikampenda. Julieth alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema sheria ndogo za halmashauri zinaongezea tu, hazifuti sheria ya nchi. Sheria ya nchi inamfuata ng'ombe tangu zizini: akaguliwe akiwa hai, achinjwe machinjio yanayotambuliwa, akaguliwe akiwa nyama, asafirishwe kwa kibali, kwenye gari lenye sanduku safi. Haishuki njiani kula mishikaki.

Nikamwonyesha mihuri. Akavaa glovu, akaitazama bila kuigusa. Akaniuliza tezi zimekatwa wapi. Moyo umepasuliwa wapi. Mkaguzi, alisema, hupita na kisu kwanza, muhuri hufuata. Hii imepigwa mihuri kama imeshinda mashindano, lakini hakuna hata mkato mmoja wa mkaguzi. Halafu akaona ile damu, bado nyepesi, bado nyeusi. Uso wake ukabadilika. Aliwarudisha polisi nyuma kwa mkono.

Hapo hakuwa mkali tena, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Aliuliza taratibu: kaka Mustafa, ng'ombe huyu ametoka wapi? Nani amemchuna? Wapo wengine waliokufa? Niambie, sitaki kukufunga, nataka kumpata aliyemgusa.

Nikamfikiria Limbu. Karantini. Ng'ombe wake wote. Sikio langu. Nikasema nilinunua njiani, kwa mtu nisiyemjua, mrefu, mwenye kofia.

Mimi si msaliti wa rafiki.

Wakachukua kipimo, nyama wakaimwagia dizeli na kuifukia, pamoja na kilo nilizomwekea mjane wa jirani, maana nilikuwa nimempangia bure kabisa. Mimi nikaingizwa mahabusu. Leo mchana kaja Majidi kudai kirikuu chake. Wakakipulizia dawa hadi rangi ikabadilika. Alipokuwa anasaini akaniona dirishani, akanung'unika, akanidhamini na mimi.  Tulipofika Mtendeni akauliza ile michembe niliyoifuata iko wapi. Nikaguswa sana.

Jumapili, 25 Agosti

Limbu kapiga. Mkononi, palepale pa mchubuko, kimetoka kipele. Kimepasuka, katikati kimekuwa cheusi kama mkaa. Hakiumi hata kidogo, jambo linalomshangaza, ila mkono umevimba hadi begani, na tumbo linamkata. Recheli anataka ampeleke zahanati.

Nikamwambia zahanati ya pale asiende, watauliza maswali, na maswali yana miguu. Panda basi uje kwangu.

Amefika jioni peke yake, Recheli kabaki na watoto. Nilimpokea stendi, nikambeba mgongoni hadi bajaji. Mtu mzito yule, leo alikuwa mwepesi. Nimempa kitanda changu, mimi na Mwanajuma chini. Kidonda nimekipaka asali ya Ipole, ile nyeusi, nimeiweka kwa ajili ya wageni wa maana. Tumbo nimempa tangawizi na ndimu.

Mwanajuma kaniita uani. Kasema yule mtu anakufa. Nikamwambia asipende makubwa. Kasema kama kesho sijampeleka hospitali atampeleka yeye, na atasema yote anayoyajua na asiyoyajua.

Jumatatu, 26 Agosti

Hospitali. Nimevaa koti la harusi ili watuheshimu.

Daktari kijana, mpole. Akakitazama kidonda, akauliza: mzee, unafuga? Umegusa mnyama mgonjwa au aliyekufa siku hizi?

Limbu akafungua mdomo. Nikawahi. Nikasema buibui! Kaumwa na buibui, akiwa amelala, nimemuona buibui mwenyewe, mkubwa.

Daktari akamgeukia Limbu, akamuuliza ni kweli. Limbu akanitazama. Macho yalikuwa mekundu, midomo imekauka. Nikamkonyeza kidogo. Akasema ndiyo, daktari, buibui.

Hajawahi kunipinga.

Wamempa dawa ya uvimbe na ya tumbo, wamemlaza. Nimemletea uji, hakunywa. Nimemchekesha kwa kumwiga Majidi na mashine yake, ngwiii, akatabasamu upande mmoja. Upande wa pili wa shingo umevimba.

Nilikuwa namlinda. Wangemkamata kitandani.

Jumanne, 27 Agosti

Anatapika damu. Nyeusi. Haigandi.

Niliiona kwenye beseni nikaitambua.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, watu wananiruka. Ndipo nikayaona mabuti. Julieth alikwenda nyumbani, Mwanajuma akamleta hapa mwenyewe kwa mkono. Majibu ya kipimo yametoka: kimeta. Alisema anamtafuta aliyemchuna yule ng'ombe tangu Alhamisi, vijiji vyote vya njiani, anamuulizia mtu mrefu mwenye kofia. Macho yalikuwa ya mtu asiyelala.

Nikasema. Yote. Ziba, dume, ini, mwiba, buibui. Nilisema hadi kandambili. Hakuniuliza la kandambili.

Aliingia wodini mbio. Daktari kijana akatoka, akanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa na mtu, hata na askari. Wakabadilisha dawa. Nikamuuliza hiyo dawa ni ngeni, ni ya kuagiza? Akasema hapana, ipo kabatini siku zote. Ingeanza Jumapili, angekuwa ameshaanza kula.

Mimi pia wamenipa vidonge, na Mwanajuma. Wataalamu wamekwenda Ziba kuwatibu Recheli na watoto na kuchanja ng'ombe. Kumbe wanachanja. Nilidhani wanachukua.

Mchana Limbu alizinduka. Akaniuliza kama nyama iliuzika.

Nikasema imeisha yote. Watu wamegombania, nikamwambia, wanauliza hiyo nyama tamu ni ya nani, nawaambia ni ya Limbu wa Ziba. Na mashine nimeshainunua.

Akasema vizuri. Akataka kuisikia inavyolia. Nikamlilia, ngwiii, pale wodini, wagonjwa wanageuka, mpaka akafumba macho.

Jumatano, 28 Agosti

Limbu amefariki asubuhi, uji ukigawiwa.

Hatukuruhusiwa kumwosha. Watu wa afya, waliovaa nailoni hadi machoni, wamemfunga, wakalifunga na jeneza, wakanyunyiza dawa. Mtu aliyenitoa majini kwa masikio, nami sikuruhusiwa kumshika hata kidole.

Recheli alikuja na gari la halmashauri. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nimewahi kutoa hotuba hadi mbele ya mkuu wa wilaya, sijawahi kukwama.  Alinikuta nimesimama na sahani ya wali ambayo Mwanajuma alinilazimisha kuishika. Akaitazama sahani, akanitazama mimi. Akauliza: shemeji, leo hukufunga?

Nimeiweka chini. Mpaka sasa ninapoandika haijaingia kitu mdomoni.

Ijumaa, 30 Agosti

Ziba, msibani. Tumemzika jana.

Karantini imetangazwa. Hakuna mnyama kuingia wala kutoka, mnada umefungwa, hakuna kuchinja. Julieth mwenyewe kaja na wenzake wa Igunga, wameeleza watu kwa upole hadi wazee wameitikia. Kesi yangu itasomwa mwezi ujao. Sikatai. Ningekuwa hakimu ningejifunga mwenyewe.

Nimelia sana hapa. Nimechimba kaburi, nimechota maji, nimepasua kuni. Nimewaapia wote, mkono juu: mimi na mambo ya ujanja basi. Mwanajuma alisema amina kwa sauti ndogo. Majidi, aliyekuja na kirikuu kile kile kuwaleta watu wa Mtendeni, alisema tutaona.

Lakini leo mchana nimeona jambo limenikata maini. Waombolezaji wanakula maharage! Msiba wa Limbu, mtu aliyekuwa na zizi la kujaza bonde, watu wamekaa kwenye mikeka wanatafuna maharage, na wengine wametoka kote huko Ipole! Recheli anagawa huku ameinamisha kichwa. Aibu ile si yake. Ni yangu. Nani atamheshimisha Limbu kama si mimi?

Nimesoma tangazo la karantini lililobandikwa ofisi ya kata. Nimelisoma mara mbili, kwa makini, kama mtu aliyebadilika. Linasema kata hizi za Igunga. Nzega halikuitaja hata kwa herufi moja. Sasa: karantini ni ya Igunga, ng'ombe akiwa wa Nzega, na msiba ni wa Mungu, kosa liko wapi? Nionyesheni kifungu!

Upande wa pili wa mpaka kuna bwana nimempata kwa simu. Ana maksai mzuri, ananiachia kwa bei ya huruma, maana leo asubuhi kaanza kulala lala na hataki majani. Kaniuliza kama amwite kwanza daktari wa mifugo.

Nimemwambia aache, asisumbue watu. Nakuja.